Mtego usiorudiwa: nani ataupitia upya mpango wa pori la Itombwe?

Ndugu msomaji, nianze na kicheko ambacho mpaka leo kinanichoma.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa katika atelye moja huku kwetu, upande wa milima ya Itombwe. Tulikaa siku mbili katika ukumbi wa mabati yenye kuvuja. Ukutani walibandika ramani kubwa ya rangi: kijani mahali pa nyama wakubwa, manjano mahali pa mashamba, na katikati rangi nyingine ambayo hakuna aliyetuambia maana yake. Msemaji alisoma kwa Kifaransa. Kijana mmoja akatafsiri nusu, nusu nyingine akaimeza. Mwishoni orodha ya wahuzuriaji ikapita mkono kwa mkono. Wenye kujua kuandika walitia saini, wengine walitia kidole. Ndipo msemaji akauliza kama kuna swali.

Mzee mmoja, mwindaji wa zamani, akasimama polepole na fimbo yake. Akasema: «Bana yangu, hii makaratasi munabeba, itarudia siku gani? Juu muntu mwenye kutega mutego na harudie kuuangalia, hapate nyama. Anapata harufu.»

Ukumbi mzima ulicheka. Msemaji alicheka pia, akaandika neno katika daftari lake. Kisha tukala, tukapokea franga za transporti, tukatawanyika. Makaratasi hayakurudi. Na mimi niliyesoma, niliyeketi karibu na meza ya wakubwa, nilicheka pamoja na wengine badala ya kudai jibu. Maandishi haya ni deni ninalolipa kwa mzee yule.

Kwa sababu swali lake, tukiliangalia vizuri, njo swali lote la kulinda pori. Kutega kila mtu anaweza. Kuandika mpango, kila shirika lenye kompyuta na dereva linaweza. Kazi ngumu ni kurudi: kuangalia kama lile tulilosema limetendeka, kama limeleta faida au hasara, na kuwa na ujasiri wa kulibadilisha pamoja na wale wanaoishi nalo. Ninasema wazi tangu mwanzo: mpango ambao mwenye kukaa ndani yake hana njia ya kuuita barzani ni amri iliyovikwa nguo ya mapatano.

Pori lenye watu ndani

Tukumbushane historia, maana vijana wengi wanaisikia kwa vipande. Tarehe 11 mwezi wa kumi 2006, ministri wa mazingira kule Kinshasa alitia saini arete ya kuunda Hifadhi ya Asili ya Itombwe. Watu waliolala usiku ule ndani ya hifadhi hawakuulizwa sawasawa. Wengi walipata habari wino ukiwa umekwisha kukauka. Kelele ikawa kubwa, na ilikuwa kelele ya haki.

Kilichofuata kinastahili sifa, na mimi siyo mtu wa kunyima sifa. Mashirika ya kulinda mazingira, watetezi wa haki, watumishi wa ICCN na wenyeji walikubali kuketi pamoja. Vijiji vyenyewe vilichora ramani: hapa makaburi, hapa mashamba ya zamani, hapa mahali pa kuwinda, hapa pa kuokota dawa. Mwaka 2016 gavana wa Sud-Kivu alitia saini mipaka iliyotokana na mazungumzo hayo, eneo la karibu kilometa mraba 5.700. Ndani yake palitenganishwa sehemu za kulindwa kabisa, sehemu za matumizi mbalimbali, na sehemu za maendeleo ya watu. Mahali pengine katika inchi yetu, mipaka ya hifadhi ilichorwa na watu wasiojua hata jina la mto. Huku, angalau safari moja, aliyechora alikuwa na matope miguuni.

Na pori lenyewe siyo pori la mchezo. Mlima Mohi unapanda mpaka metre 3.475. Katika milima hii inatoka mito inayotelemka mpaka Lualaba, na Elila ni mmojawapo. Humo wanaishi gorila wa kwetu, wale wanaoitwa gorila wa Grauer, ambao hawapatikani inchi nyingine yoyote duniani isipokuwa Kongo. Humo yuko bundi ambaye wanasayansi walimwandika mwaka 1952, na ambaye anaitwa pia bundi wa Itombwe. Na humo wako watu: Babembe, Warega, Banyindu, Bafuliru, Banyamulenge, Batwa, kila mmoja na makaburi yake na nyimbo zake. Mbuga nyingine zinalindwa kwa kuwatoa watu. Hapa mandhari yenyewe ni kazi ya watu na asili kwa vizazi vingi. Ukimtoa mtu, umebadilisha pori. Ukimwacha bila mapatano, umelibadilisha vilevile.

Sasa, mapatano ya 2016 yalipimwa juu ya hali ya miaka ile. Je, hali ile iko mpaka leo? Tangu 2017 vita ya Hauts-Plateaux imechoma vijiji vya watu wa pande zote na kuwatawanya. Kijiji kilichokuwa na sehemu yake ya manjano kwenye ramani, leo kinaweza kuwa majani matupu, na wenyewe wanalima mahali ambapo ramani inasema ni kijani. Dhahabu imevuta watu na mashini. Mwezi wa nane 2021, gavana wa jimbo alisimamisha kazi za makampuni sita ya Wachina yaliyochimba dhahabu huko Mwenga. Nani alikuwa amepiga kelele ya kwanza? Wanakijiji walioona maji yao yakiwa matope. Macho yalikuwako. Kilichokosekana ni mahali ambapo macho hayo yanahesabiwa kuwa kitu mbele ya mambo kuharibika.

Jirani yetu ametufundisha

Mwenye kudhani kwamba mpango usiopitiwa upya unakaa kimya tu katika sanduku, aangalie jirani yetu Kahuzi-Biega.

Mwaka 1970 mbuga ile ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa, hektari 60.000 za milima. Batwa walioishi humo tangu mababu walitolewa, bila mashamba ya badala, bila fidia ya kweli. Mwaka 1975 mbuga ikapanuliwa mpaka hektari 600.000, mara kumi, na vijiji vizima vikajikuta ndani ya mstari ambao wenyewe hawakuuona ukichorwa. Mwaka 1980 dunia ikaipokea katika urithi wake. Mwaka 1997 ikaiandika kati ya urithi ulio hatarini. Miaka yote hiyo watu waliendelea kuuliza swali moja: je, hamtarudi kuzungumza?

Walipochoka kungoja, mwaka 2018 familia za Batwa zilirudi zenyewe ndani ya mbuga. Yaliyofuata tunayajua: miti ikakatwa kwa makala na wafanyabiashara waliojificha nyuma ya shida ya watu, na damu ikamwagika, ya Batwa na ya walinzi. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ikatangaza uamuzi wake kwamba serikali yetu ilivunja haki za Batwa wale. Hesabu mwenyewe: kutoka miaka ya 1970 mpaka 2024. Nusu karne.

Hilo njo somo. Mpango ambao haupitiwi upya na wenyeji barzani utapitiwa upya siku moja na majuji, ao na mapanga. Kurudi mapema ni rahisi zaidi, na hakuna anayezikwa.

Wazee walikuwa na kontoro

Kuna ndugu zangu wasomi wanaoniambia: «Mambo ya ufuatiliaji na tathmini ni mambo ya Wazungu. Wazee wetu walilinda pori bila rapoti.» Ninawajibu: ni kweli hawakuwa na rapoti, lakini kontoro walikuwa nayo, na ilikuwa kali.

Chukua mtego, kama yule mzee alivyosema. Kila mtoto aliyelelewa karibu na pori anajua kwamba mtega mitego hana usingizi mrefu. Anarudi kuangalia. Anaona wapi nyama amepita, wapi hapiti tena, wapi kamba imekatika. Anayeacha nyama aoze mtegoni anaaibishwa, kwa sababu ameua bila kulisha mtu. Mtega mitego mzuri anahamisha mitego yake kwa kufuata alichokiona, hafuati alichokipanga nyumbani. Hiyo kwa Kifaransa cha mashirika wanaiita kwa jina refu. Kwa Kiswahili ni akili tu.

Chukua kakakuona. Kwa Warega kakakuona ni nyama wa heshima. Hadithi inasema ndiye aliyewafundisha watu kuezeka nyumba kwa majani, wakiangalia namna magamba yake yanavyolaliana. Kumuua lilikuwa kosa. Na aliyemkuta amekufa porini hakuruhusiwa kumficha katika chungu chake: ilikuwa lazima nyama ipelekwe kwa wazee wa bwami na kugawanywa kwa sheria yake. Tuangalie desturi hiyo kwa macho mapya. Sitadanganya kwamba ilitungwa kwa ajili ya kuhesabu. Ilikuwa juu ya heshima na ngazi za bwami. Lakini matunda yake yalikuwa makubwa: kila kakakuona aliyekufa alipita mbele ya macho ya watu wenye kujua. Kijiji kiliweza kuona kama wanazidi ao wanapungua, na aliyeua kwa siri alijulikana. Ufuatiliaji ulikuwa umefungwa ndani ya maisha. Haukungoja mgeni aje na gari.

Chukua lubunga kwa Babembe, pale wazee wanapoketi na neno linapoletwa mbele ya wote. Neno lililoamuliwa lubunga halikuwa jiwe. Likileta taabu, lilirudishwa lubunga. Mwenye kulirudisha hakuitwa mwasi.

Mila haitoshi peke yake

Lakini tusidanganyane. Katika vitabu vyetu vya mila tumezoea kuimba sifa za mababu mpaka tunasahau kuangalia dirishani. Nitasema maneno machungu kidogo kwa watu wa nyumbani, na wanisamehe.

Serikali ya kikoloni ilipiga marufuku bwami. Misioni nazo ziliidharau. Kisha vita vikatawanya wale waliobaki na mafundisho yake. Leo kijana anayekamata kakakuona hampeleki kwa mzee wa bwami. Anampigia mfanyabiashara simu. Mwaka 2016 mataifa yalikubaliana kukataza biashara ya kimataifa ya kakakuona wa aina zote, na bado magamba yanasafiri mpaka Asia. Nani kati yetu atasema kwamba mwiko peke yake unashinda simu na dola? Mwiko ulifanya kazi kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuuliza nyama amepita wapi. Muulizaji akitoka, mwiko unabaki hadithi ya kuwafurahisha watalii.

Tena tuseme juu ya wakubwa wetu wa kimila. Wako wami na wakubwa wa vijiji wanaoteteana na pori kwa moyo wote, ninawaheshimu. Lakini wako pia wanaotia saini asubuhi kwa ajili ya hifadhi na jioni kwa ajili ya chimbo, mahali palepale, na kila mmoja analipa kwa zamu yake. Wakiulizwa wanajibu kwamba mila haihojiwi. Hapana, wakubwa wangu. Mila ilihojiwa siku zote, ila ilihojiwa kwa heshima, mbele ya watu, na fimbo ikizunguka kwa kila mwenye neno. Anayekataa kuhojiwa kwa jina la mila ameiba mila.

Na Batwa je? Katika vikao vingapi tumewaona wamewekwa nyuma karibu na mlango, halafu rapoti ikasema «wenyeji wote walishiriki»? Sheria ya 15 mwezi wa saba 2022 juu ya haki za watu wa asili Pygmées inawatambua na kuwalinda. Sheria imekuja, kiti cha mbele barzani hakijaja. Hilo halikuletwa na Mzungu yeyote. Ni dhambi yetu.

Wanaosema ni kazi ya wataalamu

Sasa nigeuke upande wa pili, kwa marafiki zangu wa mashirika, ambao wengi ni wana wa hapahapa na wamesoma sana.

Wao wanasema: kupima pori kunahitaji ufundi, na mwanakijiji hana ufundi. Halafu tena, wanakijiji ni wawindaji, watadanganya kwa faida yao.

Juu ya ufundi, tuangalie hesabu ya gorila wetu. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba kati ya gorila wa Grauer karibu 17.000 waliokadiriwa mnamo 1995, walibaki karibu 3.800 tu. Dunia ilishtuka, na ilikuwa haki ishtuke. Mwaka 2021 hesabu mpya ikatoka: karibu 6.800. Je, gorila walizaana karibu mara mbili kwa miaka mitano? Haiwezekani, gorila jike anazaa mtoto mmoja kwa miaka mingi. Kilichobadilika ni kwamba miguu ya watafiti ilifika mahali ambapo mbele haikuweza kufika kwa sababu ya usalama. Sisemi haya kuwacheka watafiti. Kinyume, ninawasifu: walirudi, wakaona walikosea kiasi, wakasema. Huo njo ufundi wa kweli. Lakini uliza pia: porini mule, nani anayetangulia mbele na kusema «hapa wamelala jana»? Ni mwenyeji. Basi macho yanayotosha kumwongoza mtaalamu yanakosaje kutosha kuketi naye wakati wa kusoma matokeo?

Juu ya uongo, ninakubali: mwenye kupima kazi yake mwenyewe ana kishawishi. Lakini kishawishi hicho hakina kabila wala diploma. Kuna karatasi moja ya maswali inayotumika dunia nzima kupima usimamizi wa maeneo ya hifadhi, iliyotungwa na WWF na Benki ya Dunia. Ina maswali kama 30, na kila swali linapewa alama kutoka 0 mpaka 3. Ni chombo kizuri, na ndani yake kuna swali lenyewe: je, wenyeji wana sauti katika maamuzi? Lakini mara nyingi anayejaza karatasi ni msimamizi pamoja na watu wake. Yaani mpishi anaulizwa kama wageni wameshiba, na wageni wako nje.

Dawa ya uongo ni macho mengi. Mwindaji ahesabu, mlinzi wa pori ahesabu, mwanamke mwenye kutafuta kuni ahesabu, kisha wote waweke hesabu zao juu ya meza moja. Pale zinapogongana, pale njo penye ukweli wa kutafutwa.

Na kuna jambo lingine linalowaponyoka wataalamu. Kazi iliyofanyika na tunda la kazi ni vitu viwili. Rapoti inasema: doria kadhaa, mikutano kadhaa, vibao kadhaa vya mpaka. Vizuri, hiyo ni kazi. Tunda liko wapi? Nyama wameongezeka? Mama anatembea saa ngapi kupata kuni? Kijana aliyefungwa kwa kukamatwa na mtego alihukumiwa, ao alilipa mtu fulani akatoka? Shamba lililoharibiwa na nyani lilitazamwa na nani? Mpango unaojisifu kwa idadi ya mikutano ni kama mtega mitego anayejisifu kwa idadi ya kamba.

Na kalenda! Tathmini inakuja wakati mfadhili anataka kufunga hesabu zake. Ikitokea katikati ya mvua, barabara imekatika, wanahoji watu wa karibu na barabara na kuita hiyo «maoni ya wenyeji». Mradi ukiisha, ufuatiliaji unakufa siku ileile. Pori halijui kalenda ya mfadhili. Lina mvua na kiangazi.

Tunachodai

Polemiki isiyo na dai ni kelele tu. Basi ninaweka madai matano, na ninaomba chama chetu na kila msomaji wa kitabu hiki ayachukue kuwa yake.

La kwanza: kila kiangazi, siku moja ijulikanayo mapema, mpango uletwe barzani katika kila sekta na usultani unaoguswa na hifadhi. Usomwe kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali. Usitafsiriwe nusu.

La pili: vipimo viwe vichache, vya kueleweka na mtu asiyesoma. Maji ya mto ni safi ao ni matope? Nyama gani wanaonekana na gani wamepotea? Mipaka ya mashamba imesonga wapi? Kesi ngapi kati ya walinzi na wenyeji, na ziliishaje? Vipimo kumi vinavyofuatwa miaka kumi vinashinda vipimo mia vinavyofuatwa mwaka mmoja.

La tatu: hesabu iwe ya pande mbili. Leo tunapima kama mwanakijiji ametimiza: ameacha kuwinda, ameacha kukata. Nani anapima kama serikali na mashirika yametimiza? Walioahidi shule, daraja, mbegu, kazi kwa vijana, wasimame nao mbele ya watu wasome walichotimiza na walichoshindwa. Mapatano yana mikono miwili.

La nne: barza iwe na nguvu ya kubadilisha. Kama kila mwaka tunasema na hakuna kinachobadilika, watu watakaa nyumbani, na watakuwa na haki. Mstari wa ramani uliowekwa vibaya uweze kusogezwa kwa njia ya sheria, iwe kwa kupanua ulinzi ao kuupunguza. Ndiyo, hata kupanua: ziko familia ambazo zingependa chemchemi yao ilindwe zaidi kuliko ilivyo leo, na hakuna aliyewauliza.

La tano: wanawake na Batwa waketi mbele, waseme kwa midomo yao. Kiti kisichojazwa kiandikwe katika rapoti kwamba kilikuwa kitupu.

Na vita?

Nitaambiwa: «Bwana, unaota. Katika inchi ambamo Bukavu yenyewe ilitwaliwa na M23 mwezi wa pili 2025, katika milima ambamo bunduki zinalia tangu miaka, wewe unazungumza barza na vipimo?»

Ninajibu kwa upole, kwa sababu anayeuliza hivyo mara nyingi amezika watu. Ndiyo, ziko siku ambazo hakuna barza inayowezekana, na hakuna mtu aagizwe kuhatarisha maisha yake juu ya hesabu ya nyani. Lakini njo sababu ninataka ufuatiliaji uwe mikononi mwa watu wanaobaki. Gari la mradi likikimbia, ofisi ikifungwa, kompyuta ikiibiwa, mama anayeteka maji mtoni bado anaona rangi ya maji. Mzee bado anajua mstari wa kaburi la babu yake. Ujuzi uliowekwa katika ofisi moja unachomwa pamoja na ofisi. Ujuzi uliopandwa katika vijiji arobaini hauchomwi kwa siku moja.

Tena vita yetu ya milimani inakula nini? Inakula swali la nani mwenyeji na nani mgeni, nani ana haki ya malisho na nani ya shamba. Ramani isiyopitiwa upya kwa mazungumzo inakuwa kuni za moto huo, kwa sababu kila kundi linaisoma kwa faida yake. Barza ya kila mwaka haitamaliza vita; mimi siyo mtoto. Lakini Mbembe, Munyamulenge, Mfuliru, Mrega, Munyindu na Mutwa wakihesabu pamoja chemchemi moja, wamekwisha kusemezana juu ya kitu ambacho wote watakikosa kikikauka. Ni mwanzo mdogo. Tumeona mianzo mikubwa ikianguka.

Kumalizia

Mzee yule amekwisha kufa. Sikuwahi kurudi kumpa jibu, na hilo ni la kwangu. Lakini ninyi mnaosoma, walimu, wauguzi, wachungaji, wanafunzi wa Bukavu na Uvira wenye vijiji vyenu kule juu, ninyi mtaitwa tena katika atelye. Mtapewa maji ya chupa na kalamu mpya. Mtaonyeshwa ramani mpya yenye rangi nzuri zaidi.

Mbele ya kutia saini, mbele ya kuwaomba wazazi wenu watie kidole, simameni muulize swali la mzee: itarudia siku gani? Na msikubali jibu la mdomo. Liandikwe palepale chini ya ramani: siku, mwezi, mahali, na jina la atakayeileta. Wakikataa kuliandika, mtakuwa mmejua aina ya mtego mlioingia.